Jackie Robinson: msaka vipaji alikuja kuona mkono wake, akaondoka naye bila kuuona

Tarehe 24 Agosti 1945, mzungu mmoja aliingia katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, Marekani, akiwa na kazi moja tu: kuangalia mkono wa kulia wa mchezaji mweusi aitwaye Jackie Robinson. Alitumwa ahakikishe kama mkono huo una nguvu ya kutupa mpira mbali na kwa haraka. Siku hiyo hakuona kitu. Robinson alikuwa ameumia bega na hakucheza. Lakini siku nne baadaye, kijana huyo alikuwa amekaa katika ofisi ya mkubwa wa klabu ya Brooklyn Dodgers, mjini New York.

Mzungu huyo aliitwa Clyde Sukeforth, mchezaji wa zamani aliyekuwa akiisakia Dodgers vipaji. Swali kuhusu mkono lilikuwa na sababu. Katika besiboli, wachezaji wanne hulinda uwanja wa ndani, karibu na vituo ambavyo mpinzani hukimbilia. Yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu hudaka mipira mingi akiwa mbali, na ni lazima aitupe hadi kituo cha kwanza kabla mpinzani hajafika. Akiwa na mkono dhaifu, ekipe nzima inaumia. Ndiyo nafasi Robinson aliyokuwa akicheza katika Kansas City Monarchs, ekipe ya ligi za watu weusi, kwa mshahara wa dola 400 kwa mwezi.

Jack Roosevelt Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 mjini Cairo, katika jimbo la Georgia, akiwa wa mwisho kati ya watoto watano. Wazazi wake walilima shamba la mzungu na kugawana naye mavuno. Baba alipoiacha familia, mama yake, Mallie, aliwachukua watoto mwaka 1920 na kuhamia Pasadena, California, ambako aliwalea kwa kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Kaka mmoja, Mack, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, nyuma ya Jesse Owens.

Mwaka 1939, Jackie aliingia chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Huko alikuwa mwanafunzi wa kwanza kupata heshima ya chuo katika michezo minne: futboli ya Kimarekani, mpira wa kikapu, riadha na besiboli. Mwaka 1940 alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika kuruka mbali. Ajabu ni kwamba besiboli ndiyo iliyomshinda. Msimu huo, alipokuwa na gongo mkononi, alifaulu chini ya mara moja katika kila majaribio 10. Msaka vipaji aliyesoma ukurasa huo peke yake angefunga daftari na kurudi nyumbani.

Robinson aliacha masomo mwaka 1941 bila kumaliza, ili amsaidie mama yake. Mwaka uliofuata aliitwa jeshini, akafikia cheo cha luteni. Julai 1944, huko Camp Hood, Texas, dereva wa basi alimtaka ahamie viti vya nyuma kwa sababu ni mweusi. Alikataa. Alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, lakini majaji walimwachia huru.

Mkubwa wa Dodgers, Branch Rickey, alikuwa ameficha mpango wake. Aliwaambia wasaka vipaji kwamba anatafuta wachezaji wa ekipe mpya ya weusi. Ukweli ni kwamba alitaka kuvunja ukuta uliowafungia weusi nje ya ligi kuu tangu miaka ya 1880. Sukeforth alianza kushuku, kwa sababu Rickey alimwagiza kwamba kama kijana hawezi kufika Brooklyn, yeye mwenyewe angemfuata.

Baada ya kuongea na Robinson, Sukeforth aliona kijana asiyetishika, anayeuliza maswali na kutaka majibu. Kwa kuwa bega lilikuwa bado linauma na hangecheza kwa siku kadhaa, alimpandisha treni na kwenda naye.

Tarehe 28 Agosti, Rickey hakumwomba arushe mpira. Kwa muda mrefu alimwigizia matusi ambayo angeyasikia uwanjani na hotelini, akitaka kujua kama angeweza kutorudisha ngumi. Kwa mtu aliyekataa kuhama kiti mbele ya jeshi zima, hilo lilikuwa jambo gumu. Robinson alikubali. Mkataba ulitangazwa tarehe 23 Oktoba: dola 600 kwa mwezi na nyongeza ya 3.500, kuchezea kwanza Montreal, Kanada, ekipe ya chini ya Dodgers.

Montreal ilimhamishia kituo cha pili, ambako mpira hautupwi mbali sana. Mwaka huo wa 1946 aliongoza ligi yake kwa kupiga mpira.

Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia ligi kuu. Kwa kuwa kocha wa Dodgers alikuwa amesimamishwa, aliyeongoza ekipe siku hiyo alikuwa Sukeforth. Alimweka Robinson kituo cha kwanza, nafasi ambayo hakuwa na mazoea nayo, kwa sababu nyingine zilikuwa na wenyewe. Matusi yalikuja, na barua za kumtishia kifo pia. Alinyamaza, akacheza, na mwisho wa msimu akatajwa mchezaji mpya bora wa mwaka.

Mwaka 1948 alirudi kituo cha pili. Mwaka 1949 alifaulu kupiga mara 34 katika kila 100, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Kijana mwingine, Jim Gilliam, alipofika mwaka 1953, Robinson alimwachia nafasi, akahamia kituo cha tatu na uwanja wa nje upande wa kushoto. Mwaka 1955 Dodgers walitwaa ubingwa. Aliacha mchezo baada ya msimu wa 1956, na mwaka 1962 aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli.

Ugonjwa wa sukari ulimharibia macho na moyo. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1972, akiwa na miaka 53. Mwaka 1997, namba yake 42 ilistaafishwa katika klabu zote za ligi kuu, na sasa kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa kwa kumkumbuka.

Kuhusu mkono, wasiwasi ulikuwa wa kweli: katika ligi kuu, nafasi ile ya Monarchs haikuwa yake tena. Alipata nafasi nyingine nne.