Brutus na Sura Iliyo Kwenye Dinari

Marcus Junius Brutus alizaliwa yapata mwaka 85 K.K. katika ukoo uliojinasibisha na Lucius Junius Brutus, ambaye kwa mujibu wa masimulizi alimfukuza mfalme wa mwisho wa Roma mwaka 509 K.K. Yapata mwaka 54 K.K., akiwa miongoni mwa wasimamizi wa sarafu, Brutus alitoa dinari ya fedha iliyochorwa Libertas, mungu wa kike wa uhuru, na upande wa pili babu yake huyo akiandamana na walinzi. Ujumbe ulikuwa bayana: Roma haitaki mfalme. Nayo dinari ilifika pasipofika hotuba.

Mapema mwaka 44 K.K., Julius Caesar, aliyekwisha kufanywa dikteta wa maisha, alitiwa sura yake kwenye dinari, ilhali desturi ya Roma haikumpa heshima hiyo mtu aliye hai. Tarehe 15 Machi, Brutus na wenzake walimuua.

Akiwa vitani mashariki, Brutus alitoa dinari yenye majambia mawili, kofia ya mtumwa aliyeachwa huru na tarehe ya mauaji hayo. Hata hivyo, upande wake wa mbele ulibeba sura ya Brutus mwenyewe. Mtetezi wa uhuru alikuwa ameiga alichokipinga.

Mnamo Oktoba 42 K.K. alishindwa vitani Philippi, akajiua. Octavianus, mmoja wa washindi, ndiye baadaye aliyekuwa Kaisari Augusto, na sura ya mtawala aliye hai ikawa ada ya sarafu za Kirumi.