Robert Koch: Mgema Aliyesifiwa

Ni vigumu kwa mwalimu kuwaeleza wanafunzi habari za bakteria waletao maradhi asimtaje Robert Koch. Aghalabu hutajwa kwa ushindi wake tu, ilhali kushindwa kwake nako kuna funzo adhimu.

Koch alizaliwa mwaka 1843 mjini Clausthal, Ujerumani, akahitimu udaktari huko Göttingen mwaka 1866. Baadaye alikuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo nchini Poland. Hakuwa na maabara ya chuo wala wasaidizi; alikuwa na hadubini, panya na subira. Kwa vibanzi vya mti, aliwatia panya damu ya mifugo waliokufa kwa kimeta. Kisha akawakuza bakteria hao katika majimaji ya jicho la ng'ombe, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1876 akathibitisha kwamba wao ndio chanzo cha kimeta.

Kutokana na kazi ya namna hiyo ikazuka kanuni yake: bakteria aonekane kwa mgonjwa, atengwe na kukuzwa peke yake, kisha akitiwa katika mnyama mzima azue maradhi yale yale. Kwa njia hiyo, tarehe 24 Machi 1882, jijini Berlin, alimtangaza bakteria wa kifua kikuu. Kabla ya hapo, wengi barani Ulaya waliamini kuwa ugonjwa huo ni wa kurithi. Lugha yetu imeupa jina la kiungo unachokishambulia. Koch aliutambulisha kwa chanzo chake. Mwaka 1884, huko Calcutta, India, akambainisha pia bakteria wa kipindupindu.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 1890 Koch alitangaza tuberkulini kuwa dawa ya kifua kikuu, huku akiificha siri ya utengenezaji wake. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuwaponya, baadhi walizidiwa, na wengine wakafa. Yule aliyewafundisha wenzake kudai ushahidi alikuwa ameutangulia ushahidi wake mwenyewe. Baadaye tuberkulini ilifaa kama kipimo cha kutambua ambukizo, si kama tiba.

Mwaka 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Mwaka uliofuata alifika katika visiwa vya Ssese, Uganda, kuchunguza malale, ugonjwa ambao hausababishwi na bakteria. Aliwapa wagonjwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka wasione tena. Sifa za mganga hazikuwarudishia macho. Koch alifariki huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Hatusemi haya ili kumvunjia heshima. Kila anayepimwa makohozi leo na kutambuliwa kuwa ana kifua kikuu, akatibiwa akapona, ana deni kwake. Tunachosema ni kwamba kanuni aliyoiweka ni kubwa kuliko yeye. Mwalimu na ayasimulie mapito yote mawili, Wollstein na Ssese. Na mwanafunzi atakayethubutu kumwomba mwalimu wake ushahidi, kwa adabu lakini bila woga, asidhaniwe mkaidi. Huyo ndiye mrithi halisi wa Koch.