Nabongo Mumia, mtawala aliyeshuhudia mto Sio ukigeuzwa mpaka

Mwishoni mwa karne ya 19, misafara iliyotoka Mombasa kwenda Buganda ilitegemea kituo kimoja kabla ya kuingia Busoga. Kituo hicho kilikuwa Elureko, karibu na mto Nzoia, makao ya Nabongo wa Wawanga. Hapo wapagazi walipumzika, wakanunua nafaka, kisha wakashika njia ya magharibi. Leo mji huo unaitwa Mumias, kwa jina la mtawala aliyewapokea.

Mumia alirithi kiti cha baba yake, Shiundu, mwaka 1882. Mwaka uliofuata alimkaribisha msafiri Joseph Thomson. Mwaka 1885 akampokea Askofu James Hannington, ambaye aliacha sehemu kubwa ya msafara wake Elureko na kuendelea na watu wachache hadi Busoga, alikouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Ukarimu wa Mumia ulikuwa na hesabu ndani yake. Wageni walihitaji chakula na njia salama. Yeye alihitaji bunduki na washirika dhidi ya majirani. Mwaka 1895 ofisa Mwingereza C. W. Hobley aliweka makao yake hapo, na mwaka huohuo wapiganaji wa Wanga wakaungana na Waingereza kuwapiga Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe. Ushindi huo ulimwongezea Nabongo nguvu, lakini uliacha uchungu mrefu kwa majirani.

Wakati huo Elureko ilihesabiwa kuwa ndani ya Himaya ya Uganda. Msamia wa ng'ambo hii ya mto Sio na ndugu yake wa ng'ambo ile walikuwa chini ya serikali moja. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wachota maji na wanywesha mifugo hawakuulizwa. Sehemu ya mto Sio karibu na ziwa ikawa mpaka. Kuelekea mlima Masaba, mpaka ukafuata mito Malaba na Lwakhakha. Wasamia, Wateso na watu wa mlimani wakajikuta wamegawanyika huku wakiendelea kunywa maji yaleyale.

Biashara nayo ilihama. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, mizigo ya Uganda ikaanza kupita ziwani, na njia ya misafara ikafifia. Mumia alifanywa chifu mkuu wa Kavirondo Kaskazini mwaka 1909, na ndugu zake wakawekwa kutawala majirani: Murunga kwa Wabukusu, Mulama kwa Wamarama. Wengi waliona wametwishwa watawala wasio wao. Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega, na Elureko ikabaki na heshima kuliko madaraka.

Mumia alikuwa bado hai mwaka 1929, Uingereza ilipokubaliana na Misri kwamba kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile, yakiwemo ya mito na maziwa yanayoulisha katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, isifanyike bila ridhaa ya Misri. Sio humwaga maji Ziwa Victoria. Malaba huingia mto Mpologoma na kuelekea Ziwa Kyoga. Yote mawili huishia Nile. Kwa hiyo maji ya Busia na Tororo yaliwekewa masharti na watu wasiowahi kuyachota. Nabongo alifariki mwaka 1949.

Maisha yake yanaonyesha mambo mawili. Mpaka uliochorwa bila kuwauliza watumiaji haukuyagawa maji; uliwagawa wenye kuyatunza. Lakini umoja uliosimama juu ya nguvu ya mmoja, kama ule aliousimamia Mumia kwa msaada wa Waingereza, nao haukudumu, kwa sababu majirani hawakuwa na sauti ndani yake.

Ndiyo maana juhudi za leo zina uzito. Kenya na Uganda zinashughulikia bonde la Sio, Malaba na Malakisi kama bonde moja, kupitia Mpango wa Bonde la Nile. Zinaandaa pia bwawa la Angololo kwenye mto Malaba, la kuhudumia pande zote mbili. Itifaki ya Ziwa Victoria ya mwaka 2003, iliyosainiwa na nchi hizo pamoja na Tanzania, inadai mashauriano kabla ya mradi wa upande mmoja kuathiri upande wa pili.

Mfanyabiashara anayevuka Busia au Malaba ana haki ya kuuliza mapema: nani ameketi katika vikao hivyo kwa niaba ya wachuuzi, wakulima na wafugaji? Miti ikikatwa juu mlimani, au shamba likilimwa hadi ukingoni, tope halisimami kwenye kizuizi kuonyesha pasipoti. Bei ya mtungi wa maji hupanda sokoni pande zote mbili.