Pikionis: Msanifu aliyemfanya mkulima kuwa mwalimu wake

WAGIRIKI wanapowataja mabingwa wa usanifu wa majengo wa karne ya 20, jina la Dimitris Pikionis halikosi. Ajabu ni kwamba majengo aliyoyaacha ni machache, na kazi iliyompa sifa kubwa zaidi si jengo bali ni njia za waendao kwa miguu.

Alizaliwa mwaka 1887 katika mji wa bandari wa Piraeus, jamaa zake wakiwa na asili ya kisiwa cha Chios. Alisomea uhandisi jijini Athens, lakini moyo wake ulikuwa katika uchoraji, fani aliyoifuata hadi Munich na Paris kabla ya kurejea nyumbani mwaka 1912.

Katika kisiwa kidogo cha Aegina, aliiona nyumba iliyojengwa katika karne ya 19 na mkulima aliyeitwa Rodakis. Mkulima huyo hakusomea usanifu. Hata hivyo, aliijenga kwa mikono yake na kuipamba kwa sanamu alizozibuni mwenyewe. Pikionis aliichora na kuichunguza, na katika makala ya mwaka 1925 akashikilia kuwa sanaa ya watu wa kawaida ni shule kwa wasomi.

Hata hivyo, naye alivutwa na mtindo mpya wa Ulaya. Mapema katika miaka ya 1930 alijenga shule kwenye mteremko wa mlima Lycabettus, yenye mapaa bapa na kuta zisizo na mapambo. Ilipokamilika, haikumridhisha. Aliona kwamba jengo linaweza kuwa la kisasa na bado likakosa roho ya mahali liliposimama.

Jibu lake lilionekana kati ya 1954 na 1957, alipotengeneza njia zinazozunguka Akropoli na kilima cha Philopappos. Wakati huo nyumba za kale za Athens zilikuwa zikibomolewa ili kupisha maghorofa. Pikionis aliokota marumaru na mawe ya vifusi hivyo, akayapanga upya pamoja na waashi, jiwe baada ya jiwe, maamuzi mengi yakifanyiwa papo hapo.

Alifundisha katika chuo cha ufundi cha Athens hadi 1958, na kufariki mwaka 1968. Watalii wengi hukanyaga mawe hayo macho yakiwa juu, kwenye mahekalu, bila kujua kwamba chini ya nyayo zao kuna mabaki ya mji uliobomolewa.