Artturi Virtanen na Wekundu wa Kinundu

Sisi tulio jeshini, pamoja na ndugu zetu wa polisi, twayafahamu maharage kuliko chakula kingine chochote. Tumeyala kambini, tumeyala porini, na baadhi yetu tumeyanung'unikia kimoyomoyo. Ni wachache, hata hivyo, waliopata kujiuliza mmea ule huipata wapi protini yake, hata unapopandwa katika udongo uliochoka. Miongoni mwa waliolitafuta jibu kwa miaka mingi ni Artturi Ilmari Virtanen, mkemia wa Ufini.

Virtanen alizaliwa mjini Helsinki tarehe 15 Januari, 1895, wakati nchi yake ilipokuwa chini ya himaya ya Urusi. Alisoma katika mji wa Viipuri, kisha katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1919, yaani mwaka mmoja tu baada ya Wafini kupigana wao kwa wao. Alijiendeleza Uswisi na Uswidi, na mwaka 1921 akawa mkuu wa maabara ya Valio, muungano wa vyama vya ushirika vya maziwa.

Huko alikabiliana na shida ya nchi nzima. Wakati wa baridi ng'ombe wa Ufini hukaa zizini kwa miezi mingi, na majani yaliyowekwa akiba yalikuwa yakioza na kupoteza protini. Ililazimu kununua ng'ambo chakula cha mifugo. Yeyote aliyefundishwa habari za ugavi anaiona hatari hiyo mara moja: nchi inayongojea meli ili ng'ombe wake watoe maziwa itafanya nini siku bahari itakapofungwa? Virtanen aligundua kwamba majani mabichi yakinyunyiziwa tindikali iliyozimuliwa, uozo husimama na protini husalia. Njia hiyo, iliyopewa jina la AIV kutokana na herufi za majina yake, ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1933 alinunua shamba karibu na Helsinki, ayajaribu mwenyewe aliyokuwa akiwashauri wakulima.

Lakini kuhifadhi protini ni jambo moja, na kuipata ni jambo jingine. Karibu sehemu nne kwa tano za hewa ni naitrojeni, ambayo mimea haiwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Mjerumani Hermann Hellriegel alikwisha kutangaza mwaka 1886 kwamba mimea ya jamii ya kunde huipata kwa msaada wa vijidudu wakaao katika vinundu vya mizizi. Mwaka 1939 Mjapani Hideo Kubo alitambua kuwa wekundu uliomo ndani ya vinundu hivyo ni himoglobini, jamaa ya protini ya damu yetu. Virtanen aliushika uzi huo wakati nchi yake ilipokuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Alionyesha kwamba kinundu chekundu ndicho kinachofanya kazi, na rangi ikigeuka kuwa ya kijani kazi hukoma. Mwaka huo wa 1945 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, hasa kwa ile njia ya kuhifadhi malisho.

Haifai tumpambe kupita kiasi. Alishikilia kwamba kitu cha kwanza kutengenezwa katika kinundu ni hidroksilamini. Wamarekani wa Wisconsin, wakitumia naitrojeni nzito, walionyesha kuwa ni amonia. Wao ndio waliokuwa sahihi. Sisi twaona kwamba aliyechunguza mengi kiasi kile asingeweza kukosa kupotea njia mahali fulani.

Kazi ya wekundu ule imeeleweka vizuri baadaye. Protini ya vijidudu inayokamata naitrojeni, iitwayo naitrojenasi, huharibiwa na oksijeni, ilhali vijidudu wenyewe hawaishi bila oksijeni. Leghimoglobini, inayotengenezwa na mmea, husimama kama mlinzi wa lango: huishika oksijeni na kuipitisha kidogo kidogo. Mwaka 2005 watafiti walizuia mmea mmoja wa jamii hiyo kuitengeneza. Vinundu viliota, lakini naitrojeni haikukamatwa.

Virtanen aliongoza Akademia ya Ufini kuanzia 1948 hadi 1963. Hata uzeeni hakuwaacha ng'ombe wake: mwaka 1966 alieleza jinsi walivyotoa maziwa kwa chakula kisicho na protini, wakipewa urea na chumvi za amonia. Alifariki tarehe 11 Novemba, 1973, akiwa na umri wa miaka 78.

Wenzetu wenye bustani karibu na makazi yao wanaweza kuing'oa taratibu njegere au kunde moja inapokaribia kutoa maua, waoshe mizizi, na kupasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, mlinzi yuko kazini.