Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Ireland, 28 Februari 1911 – Gloucester, Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alisomea udaktari huko Dublin.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa taya uliokua haraka mno. Mwaka 1958 aliandika kuhusu saratani hiyo, ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na madaktari wawili, takriban kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini, akiuliza katika kila hospitali ugonjwa huo unapatikana wapi. Aligundua kwamba unafuata maeneo ya joto na mvua, na haupatikani sana nyanda za juu. Pia ulitibika kwa dawa, jambo lililokuwa nadra kwa saratani wakati huo.

Baada ya kurudi Uingereza alijiuliza kwa nini saratani ya utumbo mpana, iliyoua wengi huko, ilikuwa adimu Mulago. Chakula cha Waganda, kama cha Wahaya wa Bukoba na Muleba upande wa Tanzania, kilikuwa hasa ndizi za kupika na maharage. Mwaka 1972 yeye na wenzake walionyesha kwamba kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni kwa takriban saa 36, lakini kwa wanamaji wa Uingereza zaidi ya saa 80. Alihitimisha kwamba nyuzinyuzi huukinga utumbo.

Hoja hiyo haikukubaliwa yote. Watu wa vijijini walitofautiana na Waingereza kwa mambo mengi, na wagonjwa wengi hawakufika hospitali. Majaribio mawili ya Marekani yaliyotolewa mwaka 2000 hayakuona nyuzinyuzi zikizuia vinundu vya utumbo kurudi. Hata hivyo, tafiti nyingi za watu wengi zinaendelea kuhusisha chakula chenye nyuzinyuzi na saratani chache zaidi za utumbo.

Burkitt hakuchunguza namna saratani hiyo inavyosambaa. Wengine walionyesha kwamba seli za saratani hutoa nje vimeng'enya vya lisosomu (vifuko vya seli vinavyomeng'enya takataka zake), kama vile kathepsini B, ambavyo huyeyusha tishu za jirani na kuifungulia njia.