Kisangani: Joseph Conrad, baharia wa mwaka 1890 aliyeacha alama katika hadithi za sayansi

Wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi wana mkutano wao wa dunia, ulioanza New York mwaka 1939. Mwaka 1980, wakiwa Boston, waliipa tuzo yao ya Hugo filamu Alien, ambayo chombo chake cha anga kinaitwa Nostromo. Jina hilo ni la riwaya ya mwaka 1904 ya Joseph Conrad, baharia aliyewahi kufika Kisangani.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 huko Berdychiv, leo Ukraine, katika familia ya Wapolandi. Jina lake lilikuwa Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Utawala wa Urusi uliwapeleka wazazi wake uhamishoni kwa sababu ya siasa, na akiwa na miaka 11 alikuwa tayari yatima wa baba na mama. Mwaka 1874 alikwenda Marseille kutafuta kazi ya bahari. Mwaka 1886 alipata uraia wa Uingereza na cheti cha nahodha.

Mwezi wa sita 1890 alishuka Boma, akiwa na mkataba wa miaka 3. Kutoka Matadi alitembea kwa miguu hadi Kinshasa, kisha akapanda mto kwa stima Roi des Belges. Tarehe 1 Septemba alifika Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Kiswahili kilikuwa kinasemwa hapo tangu nyakati za Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa mahali hapo mwaka 1887. Nahodha wa stima aliugua, na Conrad akashika usukani kwa muda. Katika kurudi walimchukua mgonjwa Georges-Antoine Klein, wakala wa kampuni, ambaye alifia njiani. Conrad mwenyewe aliugua sana na kuondoka Kongo kabla mkataba kuisha.

Mwaka 1899 alitoa Heart of Darkness, hadithi ya safari hiyo. Miaka miwili baadaye, pamoja na Ford Madox Hueffer, alitoa The Inheritors, riwaya ya kisayansi juu ya watu wanaotoka katika upande wa nne wa ulimwengu ili kuitawala dunia. Ndani yake kuna mtukufu mmoja anayejitajirisha kwa mradi wa Greenland akidai anapeleka maendeleo: ni Leopold II na Kongo yake, chini ya majina mengine. Mwaka 1907 Conrad alimtunukia H. G. Wells, mwandishi wa The Time Machine, riwaya yake The Secret Agent.

Alifariki Uingereza tarehe 3 Agosti 1924. Filamu Aliens ya mwaka 1986, iliyopata Hugo mwaka uliofuata, ilikiita chombo chake Sulaco, mji wa kubuni ndani ya Nostromo.

Lakini mwaka 1975 Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alimshutumu Conrad kwa ubaguzi: katika Heart of Darkness Waafrika hawana sura ya utu, na karibu hawasemi. Hoja hiyo inawagusa wakaaji wa Kisangani. Mji ambao haukuwahi kuwepo umepewa chombo cha anga, lakini Waafrika waliofanya kazi katika stima hadi Stanley Falls hawana hata jina moja katika kitabu hicho.